Mashahidi Sitini wa Lorna Haverkamp

Kwa miaka ishirini na sita Lorna Haverkamp alikula mkate wa jodari kila saa sita mchana, mezani pake, na chini ya sakafu yake waliogelea samaki hai elfu arobaini. Harufu yao ilipanda kwa ngazi: maji ya tangi, ukoga, chakula kilichooza, na dawa ya kuulia ukoga ambayo inanuka vibaya kuliko ukoga wenyewe. Mgeni akifika juu akiwa ameziba pua, Lorna alimtazama, akamaliza kutafuna, akamwonyesha kiti.

Harufu hiyo naijua kuliko wengi. Nilianza maisha kwa kusugua matangi hayo kwa brashi, nikiwa na mikono iliyokunjamana kama ya maiti. Leo nauza matangi yaliyotumika, pampu na vichujio kwa maabara za Oregon nzima, na wanaonijua wanajua kwamba sinunui kitu kabla sijakipindua nikakitazama chini. Shule yangu iliishia sekondari. Lakini nimefanya biashara na wasomi maisha yangu yote, na nikisema kwamba uchafu mbaya kuliko wote niliupata ghorofa ya pili, ofisini kwa Lorna, sizungumzii ukoga.

Kazi yake ilikuwa kutoa majina. Samaki wa chini ni wadogo, hawazidi kidole kwa urefu, na wana milia kana kwamba mtu amewachora kwa kalamu. Watafiti wanawapenda kwa sababu wakiwa wachanga mwanga unapenya miili yao, unauona moyo ukidunda. Wanawapenda pia kwa sababu jeni zao nyingi zina ndugu zao kwa binadamu. Ukiivunja jeni ya samaki akaugua figo, umejua pa kutazama kwa mtoto anayeugua figo. Sasa yote hayo yamesimama juu ya mguu mmoja: kwamba jeni ya samaki yenye jina fulani kweli ni ndugu wa ile ya binadamu yenye jina hilo hilo. Na anayesema ni ndugu ni nani? Ni Lorna na wenzake wawili, ndani ya kanzidata ambayo sisi wa jengo lile tuliiita daftari.

Kazi hiyo si ya kukisia. Jeni hujirudufu. Moja ya kale inakuwa mbili, kama mzazi aliyejifungua mapacha. Mamilioni ya miaka yakipita, kwa mnyama huyu pacha mmoja anapotea, kwa yule anapotea mwingine, na mahali pengine wanabaki wote wawili kila mmoja na kazi yake. Mtu mvivu akija anatazama sura, anasema huyu anafanana na yule, basi ni yeye. Lorna aliwachukia watu wa sura.

"Sura zinafanana hata kwa watu wasiojuana," alikuwa akisema. "Ukitaka kujua mtu katoka nyumba gani, muulize jirani."

Majirani aliokuwa akiwasema ni jeni zinazokaa ubavuni mwa ile unayoichunguza, kwenye kromosomu. Pacha wakitengana, kila mmoja huondoka na mtaa wake. Mtaa haudanganyi kwa urahisi.

Ujuzi huo hakuupata chuoni. Baba yake alifuga ng'ombe wa maziwa karibu na Tillamook, kule mvua isikokatika, na Lorna akiwa na miaka tisa ndiye aliyeshika kitabu cha ukoo wa ng'ombe: mama nani, dume nani, kazaliwa lini. Siku moja dume la jirani, goigoi lisilo na sifa, liliruka uzio. Ndama alipozaliwa baba alimwambia aandike jina la dume la kukodi, lile lenye vyeti. Aliandika. Ndama akauzwa kwa mtu wa Salem kwa bei ya ndama mwenye ukoo. Lorna alinisimulia habari hiyo mara moja tu, na mdomo wake ulikuwa wa mtu anayetafuta mahali pa kutema.

Aliolewa, akaachana na mume kwa sababu aliyoieleza kwa neno moja: "Alichosha." Hakuwa na mtoto, hakuwa na mbwa. Alikuwa na gari la mizigo lenye kutu na daftari.

Sasa nieleze alivyojichafua, maana hata yeye hakuwa malaika.

Miaka kumi na tisa iliyopita mkubwa wa ghorofa ya chini alikuwa Profesa Desmond Kittredge, na bado ndiye. Kittredge alipata jeni kwenye samaki, akayadunga mayai sindano ya dawa ya kuizima, na samaki wakavimba maji kama vibofu. Alishangilia. Jeni inayoharibika ikavimbisha mwili ni jeni ya figo, na kwa binadamu ipo moja inayofanana nayo, inaitwa filtra-1, ambayo ikiharibika watoto wanaugua figo kweli. Makala yake ilikuwa inachapwa Jumatatu. Ijumaa mchana akapanda ngazi na boksi la maandazi ya sukari, akataka jina: filtra-1 ya samaki.

Lorna alitazama. Sura ilifanana. Majirani hawakuwa wamejulikana bado, kwani kipande kile cha kromosomu kilikuwa hakijasomwa. Sheria ilisema jeni ya namna hiyo ipewe namba ya muda ingoje. Lakini wiki hiyo hiyo daftari lilikuwa linaomba fedha za miaka mitano, na ombi lilihitaji barua ya mtu mzito. Kittredge hakusema "nipe nikupe." Watu wa aina yake hawasemi. Aliweka maandazi mezani, akauliza ombi limefikia wapi.

Jina likatoka saa tisa alasiri. Barua ikaja Jumanne.

Na mimi nisijifanye msafi. Mwezi ule ule Kittredge alinipa matangi manane ya zamani, bure, niondoke nayo. Ndiyo matangi yaliyofungua biashara yangu. Kwa nini nilipewa nitasema baadaye.

Miaka ikapita, jina likazoeleka. Kisha akaja Teodora Wachtel, mwanamke wa miaka thelathini na tatu kutoka Wisconsin, mkimya, mtu wa kuosha vyombo vyake mwenyewe. Kittredge alimwajiri aendeleze kazi ya filtra-1 kwa njia mpya: siku hizi hawazimi jeni kwa sindano, wanaikata kabisa, na samaki anayezaliwa hana jeni hiyo maisha yake yote. Teodora akakata. Samaki wakazaliwa wazima. Akakata upya, mahali pengine. Wazima. Kwa miaka minne alizalisha samaki wasio na jeni ile, na samaki wake walikuwa wanene, wachangamfu, na figo kama za farasi.

Kittredge alimwambia mbele ya watu, kwenye kikao cha asubuhi, "Binti, mikono yako ni ya seremala. Jeni hii mimi niliizima kabla wewe hujamaliza shule, na walivimba wote."

Watu walicheka kidogo, kile kicheko cha kumlipa bosi. Nilikuwa mlangoni na pampu begani. Nilikiona kicheko hicho kikizunguka meza. Ajira ya Teodora ilikuwa inakwisha Juni, na kamati ya kuamua kama anabaki ilipangwa kukaa Jumatatu moja ya Mei, saa tatu asubuhi. Mtu anayefukuzwa kwa sababu ya mikono mibovu haajiriwi tena na maabara yoyote. Habari za mikono zinasafiri upesi kuliko barua.

Mwezi wa tatu Teodora alipanda ngazi. Lorna alikuwa na mkate mkononi.

"Bi Lorna, samahani. Nani aliyesema hii ni filtra-1?"

"Swali gani hilo?"

"La mtu aliyekwama."

"Daftari ndilo linalosema."

"Na daftari liliambiwa na nani?"

Lorna aliacha kutafuna. Kwa miaka yote ile watu walipanda kumwomba jina, kumlilia jina, kumtukania jina. Kumuuliza jina lilitoka wapi hakuna aliyewahi.

"Keti," alimwambia. "Jeni hiyo ina jina hilo hilo kwa aina nyingine sitini za samaki, binti. Trauti, samoni, kambare, wote. Sitini hawawezi kukosea."

"Wamekubaliana sitini?"

"Tuone."

Kila jina kwenye kanzidata za namna hiyo lina mstari wa ushahidi chini yake: nani kasema, kwa msingi gani. Alifungua la trauti. Ushahidi: limenakiliwa kutoka daftari la Lorna. Akafungua la samoni. Limenakiliwa kutoka kwa trauti. La kambare, kutoka kwa samoni. Kompyuta za watu wa kule na kule zilikuwa zimepita usiku na mchana zikiokota jina lake na kulibandika, kisha zikaokota kutoka kwa zilizobandika. Alifungua yote sitini, moja baada ya jingine, Teodora akiwa kakaa pale pale na mikono magotini. Mkate ukakauka.

"Hawa si mashahidi sitini," Lorna alisema mwishoni. "Ni mimi. Mimi mara sitini."

Mimi nimewahi kuuza pampu mbovu. Nakiri. Lakini sijawahi kumwambia mnunuzi kwamba pampu ni nzima kwa kuwa nimeshawauzia wengine sitini. Aliponieleza nilitaka kunawa mikono.

Kilichobaki ni kuwauliza majirani, na sasa walikuwa wamejulikana. Lorna aliwapanga. Majirani wa filtra-1 ya binadamu ni mtaa mmoja, majirani wa jeni ya samaki ni mtaa mwingine kabisa. Hapo mtu angeweza kubisha, akasema mtaa ulihama. Ndipo akamtafuta shahidi wa tatu, samaki yule wa kale wa mito ya Louisiana, mwenye mdomo kama koleo na magamba kama vigae, ambaye wavuvi humtupa ukingoni aoze na mayai yake ni sumu. Hakuna mtu anayempenda samaki huyo. Lakini ni kama bibi mchafu wa ukoo ambaye hajatupa kitu tangu azaliwe. Kwake mapacha wote wawili wapo: filtra-1 katika mtaa wa binadamu, na pacha wake katika mtaa ule wa samaki wetu.

Hadithi nzima ikaeleweka. Binadamu tulibaki na pacha mmoja tukampoteza wa pili. Samaki mwenye milia alibaki na wa pili akampoteza wa kwanza. Akaja mtu akaona mmoja huku na mmoja kule, wanafanana, akasema ndiye yule yule. Jeni ya Teodora haikuwa filtra-1 hata siku moja. Ilikuwa filtra-2, ambayo binadamu hana, na haina habari na figo. Samaki wake walikuwa wazima kwa sababu walistahili kuwa wazima.

Kubadilisha jina si kufuta na kuandika. Sheria ya daftari, ambayo Lorna mwenyewe aliiandika ujanani, inasema maabara zote zilizochapisha juu ya jeni hiyo ziandikiwe, zipewe wiki mbili, na mwenye pingamizi alete kwa maandishi. Sheria inasema pia kwamba ushahidi usiochapwa unaweza kuwekwa moja kwa moja kwenye daftari, ila utiwe saini na aliyefanya kazi kwa mikono yake. Si mkubwa wake. Aliyeshika samaki.

Majarida yalikuwa yamekataa samaki wa Teodora mara tatu, kwa hoja kwamba matokeo ya "hakuna kitu" si matokeo. Lorna alimwambia aandike samaki wote, familia kwa familia, walikatwa wapi, wameishi siku ngapi. Akatia saini. Wakaingia daftarini kwa jina la Wachtel na tarehe yake. Kisha barua zikatumwa kwa maabara kumi na moja, muda ukiisha Ijumaa saa kumi na moja jioni. Kamati ilikuwa Jumatatu.

Maabara tisa hazikujibu. Moja ilijibu ikiuliza habari za jeni nyingine. Ya kumi na moja ilikuwa ya Kittredge.

Ijumaa hiyo nilikuwa ofisini kwa Lorna kwa sababu nilimuuzia kiti na mguu wake ulikuwa unalegea. Nilikuwa nimelala chali chini ya meza na bisibisi, mlango ukafunguliwa, nikaona viatu. Viatu vizuri, vya ngozi, na kwenye soli ya kushoto amenata samaki mmoja mfu, mdogo, amekauka. Kittredge hakunisalimu. Hajawahi.

"Lorna, mbona unatusumbua na mabarua?"

"Barua inasema mpaka saa kumi na moja. Una dakika arobaini."

"Mimi nimekuja kama rafiki."

"Rafiki hupiga simu. Wewe umepanda ngazi na goti lako bovu."

Alivuta kiti cha wageni. Viatu vikaja karibu na pua yangu.

"Jina lina miaka kumi na tisa," alisema. "Makala mia mbili zimelitumia. Ukilibadilisha utawapoteza watu wote hao."

"Wamekwisha potea, Profesa. Hawajaambiwa tu."

"Samaki sitini wanakubaliana."

"Nimewafungua wote. Nikuonyeshe?"

Hakutaka kuonyeshwa. Sauti yake ikalainika, na hapo nikajua bei inakuja. Nimesikia sauti hiyo kwa wauzaji wote wa dunia.

"Tufanye hivi basi. Jina libaki. Chini yake uweke tanbihi, useme kuna maoni tofauti. Kila mtu aondoke na heshima yake."

"Kompyuta hazisomi tanbihi. Zinasoma jina. Nawe unalijua hilo, ndiyo maana umetaka tanbihi."

"Nasikia unastaafu mwakani."

"Miezi kumi na sita."

"Oktoba baraza linakaa kuamua daftari libaki hapa au lihamishwe. Mimi nimo barazani, unajua."

"Najua. Niliwaandikia mimi orodha ya wajumbe."

Nilikuwa nimekwisha kaza skrubu zamani. Nilibaki pale chini nikiizungusha bure.

Nikasikia droo ikifunguliwa. Lorna akasukuma karatasi mezani.

"Hii ndiyo fomu ya pingamizi," alisema. "Unaandika sababu, unatia saini. Pingamizi likiingia, jina linasimama kama lilivyo hadi lijadiliwe, miezi sita au zaidi. Utakuwa umeshinda. Ila fomu inaingia kwenye historia ya jeni na haitoki. Sisi tutakufa, yenyewe ipo."

"Sababu gani niandike?"

"Hiyo uliyonipa. Kwamba imezoeleka. Au hiyo ya Oktoba, ukipenda. Kuna mistari minne."

Viatu havikusogea. Niliisikia kalamu ikifunguliwa kifuniko, ikafungwa.

"Na huko kwenye historia," alisema, "itaonekana nani alikosea?"

"Nimeshaandika. Soma."

Alisoma kwa sauti ya chini, nami nikasikia: jina la awali lilitolewa kimakosa na L. Haverkamp, bila kuulizwa majirani, kinyume cha sheria aliyoiandika yeye mwenyewe.

"Na mimi?"

"Wewe hukutoa jina, Profesa. Wewe ulileta maandazi."

Nimeuza na kununua miaka kumi na tisa na sijaona mtu akifungiwa bei namna ile. Yule bwana jina lake liko kwenye mlango, kwenye ukuta, kwenye benchi la bustanini, kwenye kikombe anachonywea. Mahali pekee alipoogopa kuliweka palikuwa pale penye swali la sababu. Akainuka. Viatu vikaondoka, samaki mkavu akabaki sakafuni mahali viliposimama. Fomu ilikuwa tupu.

Nilitoka chini ya meza. Saa ilikuwa kumi na nusu na dakika chache.

"Lorna," nikasema, "wale samaki wake wa zamani, waliovimba. Hata wale waliodungwa maji ya chumvi matupu, wa kulinganishia, walivimba. Niliwatoa mimi kwa kijiwavu asubuhi, kabla hawajahesabiwa."

"Wangapi?"

"Karibu wote. Sindano yenyewe ndiyo iliyowaumiza."

"Uliandika mahali?"

"Hapana."

"Ulimwambia mtu?"

"Nilimwambia yeye. Akasema asante kwa kusafisha, akanipa matangi manane."

Alinitazama. Nimewahi kutazamwa na watu niliowauzia vitu vibovu, lakini hao wanakutazama kwa hasira. Huyu alinitazama kama anavyotazama jina lenye sura tu.

"Basi hilo si ushahidi, Rufus," alisema. "Hilo ni soga. Umemaliza kiti?"

Nikakaa kukijaribu, nikasema nimemaliza. Saa kumi na moja kamili alibonyeza, jina likabadilika. Hakuna kengele iliyolia. Alivaa koti akaenda nyumbani.

Jumatatu kamati ilikaa. Teodora aliingia na ukurasa wa daftari mkononi, amejiandaa kupigana, na hakupata wa kupigana naye. Profesa Kittredge alifungua kikao mwenyewe. "Kama nilivyokuwa nikishuku kwa muda," alisema, kisha akaeleza filtra-2, mapacha, mitaa na samaki wa Louisiana, vizuri kabisa, kana kwamba aliota yote hayo akiwa bafuni. Akamalizia kwamba maabara yake ndiyo pekee duniani yenye samaki wasio na filtra-2, na itakuwa upumbavu kumwachia aliyewatengeneza aende. Wakampa miaka miwili.

Teodora alipanda kutueleza akiwa mwekundu usoni, hajui acheke au atapike. Mkononi alikuwa na keki, ameioka mwenyewe, ameichora samaki wa milia.

"Bi Lorna, miaka minne nilidhani ni mikono yangu. Nilikuwa nikifika nyumbani naitazama."

"Mikono yako haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa jina, na jina nililiweka mimi. Usiniletee keki mimi."

"Sasa niipeleke wapi?"

"Mpe Rufus. Yeye hachagui."

Keki niliichukua. Ilikuwa nzuri. Nami nilimpa Teodora ushauri wa kibiashara, kwa kuwa ndio nilio nao: samaki wale wako daftarini kwa jina lako na tarehe yako, mama. Yeyote akitaka kuandika juu yao, akae nyuma yako. Usipunguze.

Mtu angedhani hapo tumefika. Alhamisi ya wiki ile ile kompyuta za nje zilileta orodha yao ya kila wiki ya masahihisho. Mstari wa kwanza: filtra-2 ya samaki milia inatofautiana na kanzidata nyingine. Pendekezo, jina la filtra-1 lirejeshwe. Wanaokubali, sitini. Anayepinga, mmoja. Lorna alisema neno ambalo baba yake alikuwa akiwaambia ng'ombe, kisha akaanza kuwaandikia, mmoja mmoja, akianza na wa trauti. Oktoba ilikuja, baraza likaliacha daftari mahali pake. Kittredge hakuhudhuria, alikuwa Vienna akihutubia juu ya filtra-2. Hadi naandika haya arobaini na watatu wamebadilisha. Kumi na saba bado. Mmoja wao alimjibu kwa adabu kwamba watabadilisha pindi wengi watakapokuwa wamebadilisha, na Lorna alinisomea barua hiyo mara mbili huku mkate ukiwa umesimama hewani.

Kittredge alipanda mara moja zaidi, mwezi wa kumi na moja. Makala ya Teodora ilikuwa imekubaliwa, jina lake mbele, na Profesa alitaka jambo dogo tu: kwenye daftari, kwenye mstari wa ushahidi wa filtra-2, jina lake liongezwe ubavuni kwa Wachtel. Kwa ajili ya ukamilifu, alisema.

"Hakuna shida," Lorna alimjibu. "Ipo fomu."

Akamtolea. Fomu hiyo ni fupi kuliko ile nyingine, ina swali moja: ulifanya nini kwa mikono yako? Profesa aliisoma amesimama, akaikunja, akaitia mfukoni, akasema ataileta kesho.

Hajaileta.